Jibu la Mshauri: Anza na Watu, Simu Itafuata

SWALI: Mshauri, salamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na nimeajiriwa kama karani katika kampuni moja Eneo la Viwandani. Nimefuta TikTok na Facebook mara kadhaa, lakini kila nikizifuta huzirudisha kabla ya wiki kwisha. Jioni nikifungua simu ili nione kazi ya nyumbani ambayo mwalimu ametuma kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hushtukia ni saa nne usiku, mtoto amelala na daftari halijasainiwa. Rafiki yangu wa tangu shule ya upili anaishi Komarock, karibu kabisa na kwangu, na mimba yake hadi mtoto wake nimeviona kwenye status bila kumtia machoni. Mama yangu yuko Tala na huniuliza siku hizi ninakula nini kinachonizuia kufika. Nifanyeje nirudi kuishi na watu? Na mume wangu, ambaye kutwa hubishana siasa na mpira mtandaoni, nimwambieje?

JIBU: Dada, barua yako ina kitu ambacho wengi wanaonijia na lalamiko hili hukikosa: umetaja watu. Mtu wa kawaida hunieleza kwamba simu imemzidi nguvu na kwamba anataka saa tano za kila siku zipungue ziwe mbili, lakini nikimuuliza hizo saa tatu atazipeleka wapi, hunyamaza, au hujibu kwamba atapumzika. Wewe umemtaja rafiki wa Komarock, mama wa Tala na mtoto aliyelala kabla daftari lake halijaangaliwa. Nitaanza kwa watu hao, kisha nije kwenye simu yenyewe, kwa maana utaratibu ulioufuata wewe, wa kufuta programu kwanza na kungoja maisha yarudi yenyewe, ndio hasa unaokuangusha kila mara.

Hebu itazame jioni unapoifuta TikTok. Umefika nyumbani saa moja na nusu baada ya kukwama Donholm, viatu hujavua, sufuria iko jikoni, na mbele yako kuna saa mbili ambazo jana zilikuwa na shughuli na leo hazina. Jioni ya kwanza unajikaza kisabuni kwa sababu uamuzi ungali moto. Jioni ya pili unajikuta unatazama status za watu ambao hata nambari zao hukumbuki ulizihifadhi lini. Kufikia Alhamisi programu imerudi, na unajilaumu kwamba huna msimamo. Mimi sioni kwamba umekosa msimamo. Uliondoa kitu bila kuweka kingine mahali pake, na saa isiyo na mpango, kwa mtu aliyechoka, huchukuliwa na kitu chochote kilicho karibu na mkono.

Tuliliona jambo hili kwa kiwango kikubwa usiku wa Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, wakati Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika dunia nzima kwa takriban saa sita, ambazo kwa hapa kwetu zilianza jua likizama na kupita usiku wa manane. Mtu angetarajia kwamba usiku ule majirani wangejuliana hali. Kilichofuata ni kwamba Telegram ilitangaza kupokea watumiaji wapya zaidi ya milioni 70 kwa siku hiyo moja, na Twitter ikajaa watu waliokuwa wakiulizana kulikoni. Mlango mmoja ulifungwa, watu wakapita wa pili.

Upo pia utafiti ninaoutumia sana katika kazi yangu. Mwaka wa 2018, wanauchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford na cha New York waliwalipa Wamarekani kadhaa ili wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne, wakawalinganisha na wenzao ambao hawakuzifunga. Waliofunga walipata takriban saa nzima ya ziada kila siku. Sehemu ya saa hiyo ilikwenda kwa jamaa na marafiki, na sehemu nyingine ilikwenda kutazama televisheni, tena peke yao. Walijihisi vizuri kidogo kuliko wenzao, na wengi wao hawakurudi kuitumia Facebook kama zamani hata baada ya wiki hizo kwisha. Hata hivyo walijua habari chache za nchi yao, na hilo nalo ni gharama. Ninapenda matokeo haya kwa sababu hayaahidi miujiza: faida ipo lakini ni ya kiasi, na inategemea kwa sehemu kubwa saa iliyookolewa inakwenda wapi. Kwa hiyo kabla hujagusa programu yoyote, chukua karatasi uandike majina ya watu watatu, na mbele ya kila jina uandike siku.

Tuanze na wa Komarock. Ninajua kinachokuzuia, kwa sababu kinawazuia wengi: unaona aibu. Umekaa kimya hata mtoto amezaliwa, na unafikiri ukipiga simu sasa atakuuliza ulikuwa wapi. Watafiti wawili, Amit Kumar wa Chuo Kikuu cha Texas na Nicholas Epley wa Chuo Kikuu cha Chicago, walichapisha mwaka wa 2021 matokeo ya jaribio ambamo watu waliombwa kuwatafuta marafiki wa zamani, baadhi kwa barua pepe na baadhi kwa simu ya sauti. Kabla ya kupiga, watu waliogopa kwamba mazungumzo ya sauti yangekuwa mazito na ya kutahayarisha. Walipopiga, hawakuona uzito zaidi ya ule wa kuandika, na walihisi wamesogeleana na wenzao zaidi. Hofu ilikuwa kubwa kuliko jambo lenyewe.

Mpigie, basi, wala usimwandikie. Ukimwandikia atakujibu kwa vikatuni vya mioyo, nawe utamrudishia vingine, na mtabaki mlivyo. Mpigie ukiwa tayari na siku mkononi: "Jumamosi hii saa tisa nitakuwa na nafasi, nije nimwone mtoto?" Katika Nairobi ya leo mwaliko usio na siku haufiki popote, sote tumekuwa na "tutafutane" ambazo zimezeeka. Mkono mtupu haulambwi, lakini usifanye zawadi kuwa kizingiti: sukari, sabuni ya kufulia nguo za mtoto na mkate vinatosha kabisa. Ukifika, mwombe umbebe mtoto ili mama yake apate kuoga au kula akiwa ameketi. Mzazi mchanga hukumbuka msaada wa namna hiyo kuliko maoni yote mazuri yaliyoandikwa chini ya picha.

Mama yako ni rahisi zaidi kuliko unavyofikiri. Tala iko kwenye Barabara ya Kangundo, ambayo haiko mbali na mtaa wako, na mtu anayetoka Umoja asubuhi na mapema anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Panga Jumamosi moja ya kila mwezi na uitaje kwake mapema, kwa sababu mama akishaambiwa tarehe hataacha kukukumbusha, na ukumbusho wake una nguvu kuliko wa simu yoyote. Nenda na watoto. Watalalamika siku ya kwanza kwamba hakuna Wi-Fi, kisha wataona kuku.

Wa tatu ni mtoto wako, na hapa ndipo simu na watu wanapokutana, kwa hiyo nitakaa kidogo. Umesema kwamba hufungua simu ili uone kazi aliyotuma mwalimu. Sababu hiyo ni ya haki, na ndiyo maana mtego wake ni mkali: huingii mtandaoni kwa uzembe, unaingia kwa wajibu. Ukishaufungua ujumbe wa mwalimu, juu yake kuna jumbe za wazazi wanaouliza sare ya michezo ni Jumanne au Alhamisi, pembeni kuna duara la status mpya, na chini kuna video ambayo shemeji ametuma. Ukiibofya video hiyo, umeondoka WhatsApp na kuingia mahali pasipo na mwisho. Walimu wengi hutuma kazi alasiri. Isome ukiwa kazini, saa kumi wakati wa chai, uinakili kwa kalamu kwenye karatasi na uitie mkobani. Ukifika nyumbani huna sababu ya kulifungua kundi la darasa hata kidogo. Unatoa karatasi, unaketi na mtoto, mnamaliza, unasaini. Kazi ikichelewa kutumwa, mweke mtoto kando yako na daftari likiwa wazi kabla hujafungua simu, mwamuru aandike unapomsomea, kisha zima data ndipo muanze. Mtoto wa shule ya msingi ni mlinzi mkali sana wa jambo hili, hasa ukimpa ruhusa ya kukukemea.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe, na kwanza nikuondolee lawama. Katika karne iliyopita, mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliwafungia njiwa kwenye visanduku vyenye kitufe ambacho wakikidonoa hupata chembe za chakula. Chembe zilipotolewa kwa utaratibu usiotabirika, mara baada ya kudonoa kidogo na mara baada ya kudonoa sana, njiwa walidonoa kwa kasi na bila kuchoka, na walichelewa mno kuacha hata chakula kilipokatizwa kabisa. Mfululizo wa video fupi una tabia hiyohiyo. Tisa hazina maana, ya kumi inakuchekesha hadi machozi, na hujui ya kumi iko wapi. Ongeza hapo kwamba zamani ukurasa wa mtandao ulikuwa na mwisho, na ili uendelee ilibidi ubofye ukurasa unaofuata. Mwaka wa 2006 mbunifu aitwaye Aza Raskin alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kila unapotelezesha kidole, na baadaye amejitokeza hadharani kueleza majuto yake. Pale palipokuwa na mwisho ndipo akili ilipokuwa ikipata nafasi ya kujiuliza kama inataka kuendelea. Nafasi hiyo imeondolewa makusudi, nawe huna budi kuirudisha kwa mkono wako.

Hapa kwetu kuna kichocheo kingine ambacho wataalamu wa ng'ambo hawakitaji, nacho ni bando lenye saa ya kufa. Nimewasikia wateja wengi wakieleza kwamba walikesha kwa sababu bando lilikuwa linaisha usiku wa manane na zilikuwa zimebaki megabaiti mia nne. Mtu huyo hakuwa na haja ya kutazama chochote. Alikuwa analinda shilingi zake. Safaricom ilianza kuuza data isiyo na muda wa mwisho mwaka wa 2019. Huenda ukaiona ghali kuliko bando la saa moja, lakini ukinunua kidogo na kukitumia wiki nzima, utaona kwamba hakuna tena kinachokukimbiza. Ikiwa nyumbani mna Wi-Fi ya kulipia kwa mwezi, hesabu hubadilika, na nitalirudia nikifika kwa mume wako.

Ushauri wa kuiacha simu nyumbani sitakupa. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, simu ndiyo pochi yetu: nauli, mama mboga, umeme na mchango wa mazishi vyote hupita humo. Lakini M-Pesa haihitaji intaneti. Menyu ya laini yenyewe na *334# hufanya kazi data ikiwa imezimwa, ujumbe wa kuthibitisha malipo huja kama SMS ya kawaida, na anayekupigia simu anakupata. Kwa hiyo ukizima data saa moja na nusu jioni, bado una pochi na bado unapatikana. Kilichofungwa ni mfululizo tu. Wengi hawajawahi kuvitenganisha vitu hivi viwili akilini mwao, na ndiyo maana huona kupunguza mtandao ni sawa na kujikata na dunia. Waambie watu wako sentensi moja: "Jioni sioni jumbe, jambo la haraka nipigie." Wataudhika wiki ya kwanza, kisha watazoea.

Kuhusu makundi, usijitoe kwa kishindo katika kundi la ukoo au la mchango, kwa maana Nairobi kujitoa kundini ni taarifa, na utajieleza hadi Krismasi. Yanyamazishe bila kikomo na uyaweke kwenye kumbukumbu (archive), ambamo hubaki hata ujumbe mpya ukiingia. Yafungue mara moja kwa siku, usome yaliyo ya lazima, utume mchango wako, utoke. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu uzime arifa za kila kitu ambacho hakitoki kwa binadamu anayekujua kwa jina. Hatua hii huchukua muda mfupi na mimi huiona kuwa na faida kuliko vizuizi vingi vya kupima dakika, ambavyo mtu huvizima mwenyewe kwa kidole kilekile kilichoviweka.

Umesimulia kufuta na kurudisha. Safari hii usifute TikTok. Iondoe kwenye skrini ya kwanza, toka kwenye akaunti ili ikuombe nenosiri kila unapotaka kuingia, na uipe mahali na wakati wake, kwa mfano Jumapili alasiri baada ya kufua. Kitu kilichopangiwa wakati hakiwi haramu, na kisipokuwa haramu hakikuiti kwa sauti kubwa. Ninajua baadhi ya wenzangu katika taaluma hawakubaliani nami hapa na huagiza mfungo kamili wa mwezi mzima. Kwa mtu aliyekwisha kujaribu kufuta mara kadhaa na kushindwa, naona mfungo mwingine humwongezea ushahidi wa uongo kwamba hawezi.

Safari ya matatu iache kwa sasa. Watu hupenda kuanza hapo, wakisema watasoma kitabu wakielekea kazini, nami sioni ubaya wa mtu aliyesimama kwenye msongamano kutazama video mbili za kumchekesha, mradi simu isiwe karibu na dirisha. Saa zako zenye thamani ni zile za kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu usiku, na za mwisho wa wiki. Ukizilinda hizo, nyingine zisikusumbue.

Mwisho wa wiki usiokuwa wa Tala wala wa Komarock, watoke watoto nje. Hapa Eastlands, upande wetu wa mashariki ya jiji, tuna maktaba za umma, zikiwemo mbili, ya Makadara na ya Kaloleni, ambazo zimekarabatiwa miaka ya hivi karibuni, na mtoto aliyezoea skrini huhitaji kupelekwa zaidi ya mara moja kabla hajaanza kuvuta kitabu mwenyewe. Mkiwa na nauli ya ziada, nendeni Msitu wa Karura, ambao mwishoni mwa miaka ya 1990 marehemu Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea usigawanywe viwanja. Una maporomoko ya maji, mapango na njia ndefu za kutembea kwa miguu. Ada ya kuingia hulipwa kwa simu, kwa hiyo hata huko usiiache nyumbani. Ilipe, iweke ndani ya mkoba, na mtu mmoja tu katika familia awe na jukumu la kupiga picha.

Neno fupi kuhusu ugonjwa, kwa kuwa hili huulizwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linatambua uraibu wa michezo ya kidijitali. Mitandao ya kijamii haimo katika orodha hiyo kama ugonjwa. Kwa hiyo usijiite mraibu kwa haraka. Lakini ikiwa simu ndipo unapokimbilia kwa sababu hulali, huna hamu ya kitu chochote au unalia bila kujua sababu, basi simu ni dalili, na unahitaji kuonana na mshauri aliyesajiliwa. Vilevile ikiwa saa nyingi hukwenda kwenye kamari ya mtandaoni, tatizo ni kamari, na haya niliyoandika hayatoshi.

Imebaki kwa mume wako. Usimhubirie, na usimwonyeshe jibu hili likiwa limepigiwa mstari. Mwombe jambo moja la nyumba nzima, lisilomlenga yeye: simu zote zichajiwe sebuleni kuanzia saa nne usiku, za kwenu nyote wawili, na Wi-Fi izimwe saa hiyohiyo. Atakwambia kwamba anaitumia simu kama saa ya kumwamsha. Jibu hilo litarajie, na uwe umekwisha kununua saa ya mezani Luthuli Avenue kabla ya mazungumzo, ili hoja iishe hapo. Wewe ndiwe uanze, kwa wiki mbili nzima, bila kumhesabia saa zake.

Na kwa kuwa ubishi anaupenda, usimnyang'anye. Katikati ya jiji, kwenye Bustani ya Jeevanjee, wanaume kwa wanawake hukusanyika chini ya miti kubishana siasa ana kwa ana, katika baraza linalojulikana kama Bunge la Mwananchi. Huko mtu hawezi kujificha nyuma ya jina la bandia, na akitoa hoja dhaifu huchekwa papo hapo mbele ya wote. Mtajie kwamba Jumamosi ile utakayokuwa Tala, yeye aende akaijaribu hoja yake ya wiki. Akikataa, kuku wa mama mkwe wanamngoja naye.